Alama Nje ya Mstari

Mpendwa dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Huku tu wazima wa mwili. Mengine nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Wajua kiwandani kwetu mtungi wa gesi hupita mikono minne: mkata bati, mkunjaji, mchomeleaji, kisha mpimaji. Kazi yangu ni kuchora chati ya kila hatua. Alama zikikaa kati ya mistari miwili, mambo shwari; moja ikiruka nje, kuna jambo. Mwezi uliopita alama za mchomeleaji ziliruka ovyo kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha mtungi mmoja ukapasuka kwenye mshono ukiwa unapimwa, na mpimaji, yule mcheshi anayenitania kwamba nachora milima badala ya kuoa, akakatika mkono. Mchomeleaji akafukuzwa siku hiyo hiyo, chati yangu ikiwa ushahidi. Alilia akisema kingo za bati lenyewe hazikutani, yeye anaziba mwanya tu. Hakuna aliyemsikiliza, hata mimi.

Lakini maneno yake yaliniganda. Nikachora upya, safari hii nikiondoa kwanza kosa ambalo kila hatua imelipokea kutoka hatua iliyoitangulia. Alama za mchomeleaji zikatulia katikati. Za mkunjaji pia. Zilizobaki nje ni za hatua ya kwanza.

Ndiyo, dada. Za Baba. Nilikwenda kumtazama kwenye mashine yake ya kukatia. Rula haitazami tena. Anapapasa ukingo wa bati kwa kidole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Nilimpelekea meneja chati kabla ya kumwambia Baba, maana ningeanza na Baba nisingeipeleka kamwe. Ilipobandikwa ukutani, Baba alisimama mbele yake akaniomba nimsomee, ati kasahau miwani. Nikamsomea yote. Akakiri kwamba macho yanafifia tangu mwaka jana na aliona haya kutuambia. Kisha akauliza kama mchomeleaji atarudishwa. Nikasema ndiyo. Akashukuru, akaenda kukusanya vitu vyake.

Usinipe pole, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ningefanya vilevile tena, na ndilo linaloniumiza.

Nisalimie wote. Njoo Jumamosi ukiweza. Baba anashinda kitini karibu na mlango. Ukiingia tangulia kutoa sauti, asije akadhani ni mgeni.

Mimi mdogo wako,
Mchora Milima