Dada Pasi, Tuliyekutangaza kwa Picha Isiyo Yako

Mwaka umetimia, mjukuu wangu, tangu Alhamisi ile asubuhi moyo wako ulipogoma kufanya kazi, nawe una miaka thelathini na mmoja tu. Mimi wa themanini na kitu bado nipo. Ulinipita kwenye foleni, nawe nilikufunza adabu mwenyewe.

Ulikuwa dobi, na dobi hasa. Chumba chako nyuma ya duka la vitambaa kilinukia mvuke na sabuni. Ulilowesha kidole kwa mate ukaigusa pasi, ikilia "tss" unacheka kama umeitekenya. Aliyekuwa anakwenda kuomba kazi ulimtanguliza mbele ya wote, ukamfunga kola kwa mkono wako, ukamwambia, "Nenda. Shati limeshapata kazi, bado wewe."

Ulizaliwa tukaambiwa ni mvulana, nami kwa utani wa bibi na mjukuu nikakuita mume wangu. Ulipofika miaka ishirini ukaja kwangu umevaa gauni la bluu, ukasimama mlango wa jikoni kama mgeni. Ukasema, "Bibi, mimi ni mwanamke. Nimekuwa hivi siku zote." Nikakutazama juu hadi chini. Nikasema, "Basi mume sina tena. Ingia, mke mwenzangu, umenye viazi." Ulimenya huku unalia, hata vitunguu vikaona wivu.

Kwa siku ile nimejisifu miaka mingi. Lakini neno lile nililisema jikoni, mlango umefungwa. Ukitoka nje ya mlango ule, mbele za watu, uliendelea kuwa mume wangu. Na wewe hukunisuta hata mara moja.

Wewe na wenzako, transjenda kama mnavyojiita, mlikuwa na mpango wenu: kila mmoja anashika ufunguo wa chumba cha mwenzake. Ikifika saa sita mchana mtu hajaonekana, mwenye ufunguo anakwenda kufungua. Ndivyo fundi viatu, dada yule mwenye mabega mapana, alivyokukuta sakafuni Jumanne. Alikubeba mgongoni hadi barabarani, akakaa kando ya kitanda chako hospitalini mpaka tulipofika sisi kesho yake. Nikamwambia, "Asante, mwanangu. Familia imefika. Sasa nenda ukapumzike."

Nilimfukuza, tena kwa adabu. Aliporudi Ijumaa alikuta kitanda kimetandikwa upya, akaambiwa tu kwamba ndugu wamekuchukua. Kwetu hakupajua.

Baba yako mdogo alitaka picha ya kuweka kwenye tangazo la msiba. Za siku hizi zilikuwa tele, umevaa hereni, meno yote nje. Nikazipita zote. Nikachomoa ile ya shule, una miaka kumi na minne, kichwa kimenyolewa, umenuna. Nikasema, "Weka hii, haina maneno." Jina likaandikwa lile la kuzaliwa. Na makaburini nililia, "Mume wangu ameniacha!" Watu wakanihurumia. Nilijua nasema uongo, nikaongeza sauti.

Mwezi ulipopita nikaenda kukusanya vitu vyako. Nikakuta mlango wazi, sakafu imefagiliwa, na wenzako wanne wamekaa ndani. Fundi viatu akainuka.

"Bibi, mlimzika lini? Tumezunguka mji mzima tukiutafuta msiba."

"Mbona tangazo lilibandikwa hadi kwenye nguzo ya hapo nje?"

Yule muuza mitumba mnayemwita Mrefu akatoka, akarudi nalo, limepauka kwa jua. "Hili? Hili nililisoma siku ile ile. Nikasema, masikini, mtoto wa watu, mdogo hivi! Nikawapa pole wenye mtoto, nikaendelea kumtafuta Dada Pasi."

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio. Wangenitukana ningepona. Walinipa kiti.

"Hatutaki vitu vyake, Bibi," fundi viatu akasema. "Tuonyeshe tu alipolala. Hatujamuaga."

Nikajibu, "Nitauliza kwa wakubwa."

Mimi! Mimi niliyewazaa hao wakubwa.

Nilikwenda kwa baba yako mdogo. Akasema, "Mama, watu watasema nini?" Jibu zuri nilikuwa nalo: hao watu wa kusema hawajawahi kuniletea hata kikombe cha maji. Lakini lilinijia njiani, nikiwa narudi nyumbani, nikaligawia majani.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Siku ile chumbani kwako fundi viatu aliniuliza, "Unaishi na nani, Bibi?"

"Na redio."

"Ufunguo wa pili anao nani?"

Nikaona haya kusema hana mtu. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Tangu hapo wanakuja kwa zamu. Mrefu ananikata kucha za miguu na kunisimulia mapenzi yake, ambayo ni marefu kama yeye. Nilipoanguka bafuni, kabla ya saa saba mchana mlango ulikuwa umefunguliwa, nami niko mgongoni kwa fundi viatu, mgongo ule ule uliokubeba wewe. Nimekula mkononi mwao miezi kumi na moja, na kaburi lako sikuwaonyesha. Mrefu aliniuliza mara moja tu.

"Umeuliza, Bibi?"

"Bado, mwanangu. Baba yake mdogo ana kazi nyingi."

"Sawa, Bibi." Akaendelea na kucha.

Jumatatu iliyopita nilikwenda makaburini peke yangu. Nikaking'oa kibao chenye jina lile, nikakificha chini ya mtandio. Mlinzi akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ubao wa kukatia vitunguu. Akaniombea mchana mwema. Baba yako mdogo, kama anasoma hapa, asihangaike kumtafuta mwizi.

Picha ya juu ya maneno haya ni yako, uko mbele ya meza ya pasi, na jina chini yake ni lile ulilotuomba tukuite. Nisamehe. Sikukosa kukujua. Nilikujua, nikakuficha, kisha nikakulilia mbele za watu nikapewa pole isiyo yangu.

Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa kwenye lango la makaburi. Waliokupenda na hawakukuaga waje, njia nitawaonyesha mwenyewe. Kibao kipya anacho Mrefu.

Wanaokukumbuka: fundi viatu, aliyekufungulia mlango, Mrefu, wenzako wote wanaoshikiana funguo, wateja wako, hasa waliopata kazi, dada yako mkubwa na wanawe, waliokuita mama mdogo bila kufundishwa na mtu. Baba yako mdogo nimemwachia nafasi, akija Jumapili atajiandika. Mimi bibi yako nimekaa mwisho, na sijaonewa.

Siku zote zilizobaki ni za kukukumbuka. Zangu chache, zao nyingi.