Mluzi wa Kumwita Mlembe

Alhamisi. Upepo umetulia leo, jua limewaka tangu asubuhi. Nimekaa kwenye duka la intaneti hapa Singida mjini, nabonyeza kwa kidole kimoja.

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika kaka zangu wote. Njaa zimekuja zikaondoka zikaniacha. Nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika mpaka ushirika wenyewe ukafa, mimi nikabaki. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anayetaka kucheka uandishi wangu acheke, ila asome mpaka mwisho.

Wiki hii nimetembea na wageni wa kamera. Watu hawa wanazunguka dunia kupiga filamu za wanyama. Wametoka kwenye nchi ya barafu, ambako wanasema kuna ndege wasioruka wanaotembea wima kama watu. Kwetu wamemfuata mlembe. Ni kandege ka kijivu, humwita mtu, kanamtangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mtu anarina asali, anamwachia ndege sega lake. Ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa chatu.

Na kijijini kwetu Mtinko, kijiji kizima, nani anamjua mlembe kunishinda mimi? Hakuna. Niliwatamkia hivyo gengeni, watu wamejaa.

Mzee Mkumbo, niliyetahiriwa naye pamoja, akacheka mpaka akakohoa. "Mlembe gani? Tangu soko huria lituletee sukari kila duka, nani anamfuata? Ndege alishatusahau. Na wewe alishakusahau."

Nikamwambia, mimi sisahauliki.

Siku mbili porini, hatukuona kitu. Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho: asipokuja, wageni wafunge vyombo vyao, wakapige filamu hiyo nchi nyingine. Na mimi nirudi gengeni na uso gani?

Asubuhi nilivaa kanzu nyeupe na koti. Bwana wa kamera akataka nivae shati la shamba. Josefu, mkalimani wao, akanibembeleza: "Shikamoo babu, wanaomba uvae za kazi." Marahaba, lakini nilikataa. Dunia nzima inione nimechakaa, kwa nini?

Nikagonga shoka kwenye gogo, maana mlembe husikiliza shoka. Nikakunja midomo nipige mluzi.

Hewa tupu.

Niseme ukweli. Hata siku zile mbili ilikuwa hewa tupu. Meno ya mbele yalishang'oka na sikuwa nimejaribu mluzi tangu yang'oke. Wageni niliwaambia mlembe anapenda mluzi wa chini chini.

Leo mke wangu, Mama Hamisi, alifuatana nasi kubeba chakula. Akaniangalia napuliza, akatua kapu. "Baba Hamisi, hebu sogea. Unapooza uji?"

Akapiga mluzi. Mrefu, unapanda, unakatika, unapanda tena.

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Wasichana huambiwa wataita nyoka nyumbani. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuusikia. Kumbe aliupata utotoni, akichunga mbuzi wa baba yake.

Na mlembe akaja! Analia kama mtu anatikisa kiberiti. Tukamfuata, tukafika, tukafukiza moshi, nyuki wakatuadhibu, asali ikatoka.

Ndipo Josefu akanong'ona: bwana anasema turudie kipande cha mluzi. Babu akunje midomo mbele ya kamera, bibi apige akiwa kichakani. Kwenye filamu itaonekana ni babu.

Wallahi nilitamani. Mkumbo asingejua kamwe.

Mama Hamisi alikuwa ameshaanza kwenda kichakani. Hakunung'unika, hakugeuka. Mgongo wake ule ndio ulionikera.

Nikasema hapana. Mluzi wa kuazima sitaki. Apigwe picha yeye. Bwana akabisha, mimi nikabisha zaidi, na kwa kubisha hajazaliwa wa kunishinda.

Baadaye, waliponileta mjini kwa gari lao, wakanionyesha picha ikienda polepole. Ndege anaiacha asali, anakula nta! Umri wote huu nilidhani anataka utamu. Josefu akasema eti huanguliwa kwenye kiota cha ndege wengine, mama yake hamjui. Sasa nani alimfundisha kutuita sisi? Na huu mluzi wa mwanamke aliujulia wapi? Nimeuliza, hata wageni hawajui. Nitalala na swali hili.

Jioni narudi Mtinko na Mkumbo yuko gengeni. Nitamweleza ilivyokuwa, halafu nimuulize mke wake yeye akipiga mluzi anaitikiwa na nani.

Asiyeamini amuulize Josefu. Au dereva wao, sikio lake bado limevimba. Au amuulize Mama Hamisi mwenyewe. Filamu ikitoka mtamwona katikati, anapiga mluzi. Na yule mzee wa kanzu nyeupe nyuma yake, aliyeshika kapu, ni mimi.