Kanga Niliyoiachia

Alhamisi, Mfungo Tatu

Basi leo ametembea peke yake. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiiomba siku hii kwa Mungu.

Tangu mume wangu Shomari aanguke kule Kingolwira kwenye reli ya Wadachi, akapooza upande wa kulia, kila asubuhi namfunga kanga kiunoni, naishika kwa nyuma asianguke. Nimempangia mianzi chini hapa uani aivuke mmoja mmoja, maana mguu ule alikuwa akiuburuta. "Inua, baba, inua!" Ananitukana, navumilia. Mke mwenzangu, Mwanahawa, hajakanyaga hapa. Alisema hana moyo wa kumtazama mtu mzima akifundishwa kutembea kama mtoto.

Asubuhi Shomari akaniambia, "Mama Zuhura, hebu iachie hiyo kanga." Nikaiachia. Akaivuka mianzi yote. Nikapiga kigelegele, mjinga mimi. Hata hakugeuka. Akafungua mlango wa ua, akashika njia, kanga yangu ingali kiunoni, mguu unainuka vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, moja kwa moja mpaka kwa Mwanahawa.

Nikadhani amekwenda kujionyesha tu, atarudi. Nikapika wali, ukapoa. Zamu ni yangu, kila mtu anajua, lakini nikamwambie nani...

Magharibi Mwanahawa akaja mlangoni na kanga yangu mkononi. "Ahsante, dada. Mwenyewe atalala kwangu, amechoka."

Ameifua, ameikunja vizuri. Inanukia udi.