Dawa Waliyonyweshwa Majike

Kaka Abbasi,

Shikamoo. Huku Chimwaga sijambo, ila maji ni ya mgao. Nimesikia mama anakohoa, mpatie asali.

Utafiti wangu wa mbuzi umekwisha. Tuliwanywesha majike dawa ya minyoo kwa kipimo kilekile, tukapima damu yao kila siku. Wanapokuwa kwenye joto la kutaka dume, homoni zao huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huivunja dawa kabla haijaua minyoo.

Majike wako walikufa kwa minyoo msimu wa kupandwa. Kwa hiyo Amina hakuuza dawa uliyomwachia. Aliwanywesha wote, kama alivyokuapia mbele ya baba yake, nawe ukamwita mwizi, ukampa talaka.

Juzi nilimfuata Ipagala anakouza vitumbua, nikamweleza. Alisikiliza huku akivigeuza vitumbua vyake, kisha akauliza, "Abbasi anajua?"

"Nitamwandikia."

"Mwandikie. Lakini asije."

Hakunikaribisha kukaa, na sikumlaumu. Siku ile ya talaka nilikuwepo. Nilijua si mwizi, nikanyamaza, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukinisomesha.

Ni mimi mdogo wako,
Mwamvua