Kifurushi cha Bila Kikomo

Mkunya, Alhamisi usiku

Umetumia sana leo! Bado maneno hayo yananichoma.

Kifurushi cha "bila kikomo" nilikinunua kwa ajili ya Hamisi, mdogo wangu aliyeko Omani, ili ashuhudie mazishi ya mama. Hata angepanda ndege jana asingewahi.

Tangu asubuhi nilimshikia simu ya video. Akaamkia wazee, shikamoo moja moja. Akataka kuona mikorosho waliyopanda na mama, nikamzungusha shamba zima. Laiti ningezima simu wakati ule.

Jeneza lilipofika mlangoni, picha ikaganda. Haikurudi tena. Ujumbe wa maandishi tu ndio uliopita. Tukiwa kaburini akaandika, "Kaka, nitupie na udongo wangu."

Nikatupa mara tatu kwa ajili yangu, na mara tatu kwa ajili yake. Yeye hakuona.

Niliporudi nikawapigia huduma kwa wateja. Binti akajibu kwa upole, "Mtandao uko sawa, ndugu mteja. Umetumia sana leo, kwa hiyo umepunguziwa kasi."

Nimemzika mama leo. Ningetumia sana siku gani nyingine? Na hicho "bila kikomo"... basi tu.

Jioni Hamisi amenitumia picha iliyomgandia. Jeneza liko nusu ndani, nusu nje ya mlango.

Nikamwambia aifute, inaumiza.

"Siifuti, kaka. Kwangu mama bado hajatoka nyumbani."