Firigisi ya Bobi

Jumapili, jioni. Baridi ya Julai imekaza, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya Mbinga mjini, na mimi nimevaa makoti mawili hapa kwenye kibanda cha intaneti. Kichwa changu hakijatulia tangu jana.

Nimechanganyikiwa.

Ngoja nianze na mke wangu, maana yote yanamhusu. Mama Anjela yuko kwao Ukata tangu mahindi yakiwa mabichi. Aliondoka na mtoto bila ugomvi wa maana. Alisema tu kwamba tangu tuoane hajawahi kumaliza jambo lake mbele yangu. Nikamwambia si kweli, na nadhani hata hapo nilimkatiza.

Kwa hiyo baba mkwe aliponitumia salamu niende tukawinde kwale, nilijua naitwa kupimwa. Mzee yule si mtu wa vikao. Akitaka kukujua anakupandisha mlimani.

Nikamchukua Bobi. Ni mbwa wa kigeni, ana mabaka ya kahawia na masikio ya kulala, aliachwa na mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliomiminika huku soko lilipofunguliwa. Msimu uliofuata bwana yule hakurudi, mbwa akabaki kwangu. Habweki, halindi, kazi yake kula. Lakini ana sura ya kifahari, nami nilitaka kufika ukweni na kitu cha kujivunia.

Baba mkwe ana mbwa watatu wa kienyeji, wekundu, mbavu nje, mbio zao usiseme. Mkubwa wao anaitwa Hayawahusu. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akamtazama Bobi kwa muda, kisha akatupa wavu begani tukaanza kupanda. Mama Anjela nilimwona kwa mbali tu, anaanika mahindi. Hakuinua kichwa.

Mashamba ya ngoro yamebaki mabua na mashimo, yale mashimo tunayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Kwale hujificha humo. Hayawahusu na wenzake waliyavamia kwa kelele, wakatimua ndege kila upande, wasipate hata mmoja.

Bobi yeye akasimama.

Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, macho kwenye shimo. Hatikisiki. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilidhani ameogopa, au ameingiwa na kitu. Nikamfokea, hakusikia, nikamrushia bonge la udongo. Papo hapo kwale wawili wakachomoka chini ya pua yake, wakapita juu ya kichwa changu na kwenda zao.

Mzee akaweka wavu wake sawa begani, akaendelea kupanda. Afadhali angenitukana.

Mbele kidogo Bobi akasimama tena vilevile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba mkwe akanishika mkono.

"Tulia, mwanangu," akasema taratibu. "Bado anaongea."

Akanyata hadi pale, akatandaza wavu juu ya shimo, na tulipoinama tukakuta kwale wawili wanafurukuta ndani yake. Bobi ndipo akashusha mguu. Nimeishi na mbwa huyu miaka yote na sikujua kwamba ana kazi.

Tuliporudi, Mama Anjela alipokea ndege bila kunitazama, akaingia jikoni. Mimi nikakaa na mzee nje, nikihesabu moyoni: kwale wawili, firigisi mbili. Moja ya baba mwenye nyumba, na nyingine, kwa vyovyote, ya mkwe. Mke akikuwekea firigisi, bado wewe ni mume. Sikuhitaji jibu lingine.

Sahani zikaja. Ya mzee ilikuwa na firigisi. Yangu nikaigeuzageuza, nikachungulia hata chini ya ugali. Nikainua macho kuelekea mlango wa jikoni, nikamwona mke wangu amechuchumaa, na Bobi anakula kitu kiganjani mwake.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kukasirika, nikashindwa pia. Akaona namtazama.

"Yeye alisubiri," akasema.

Baba mkwe akaficha uso wake kwenye kikombe cha togwa, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilisikia aibu, na kwa kweli nilisikia pia furaha ya ajabu, maana hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mke wangu kwangu tangu aondoke.

Wakati wa kuondoka Bobi alikataa kunifuata. Nilimwita, akajilaza mlangoni pa jikoni. Nikamwangalia Mama Anjela. Alikuwa amesimama nyuma yake, midomo imefunguka kidogo, kama mtu mwenye jambo. Nikaaga harakaharaka kabla hajalitoa. Sijui kwa nini. Labda niliogopa ni lile nisilotaka kulisikia.

"Mwache huyo mbwa," mzee akasema. "Jumamosi uje umfuate."

Sasa, ni mbwa tu ninayeitiwa? Au mzee ananifungulia mlango? Na ile firigisi ilikuwa tusi au somo? Nimewaza njia nzima, nimewaza kanisani, padri akihubiri sikumsikia. Nyumbani hakuna mke wala mbwa.

Jumamosi nitapanda Ukata. Mke wangu akifungua mdomo, nitasimama hapohapo nilipo mpaka amalize, hata kama mguu mmoja utabaki juu.