Kamera ya Baba na Picha ya Mama

Utange, Kisauni,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Ukasha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natanguliza kukujulia hali wewe na jamaa wa nyumbani kwako huko Muscat, nikitaraji waraka huu utawakuta katika afya. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anasumbuliwa na magoti tu.

Napenda kukuarifu kwamba ile kamera ya mkanda ya marehemu baba imepona. Mkoba wake wa ngozi haukuwa na mkwaruzo na kioo kilikuwa safi. Maradhi yalikuwa ndani, kifyatuo kiliganda. Katana, fundi wa saa wa Changamwe, aliifungua, akaisafisha, na sasa inalia kama tulipokuwa watoto.

Wajua kuwa mama hakubali kuelekezewa simu, kwa hofu kwamba sura yake itatembea mikononi mwa watu. Kwa kamera ya mumewe alikubali. Ndipo nikakuahidi picha yake, maana miaka yote hii hujamtia machoni.

Siku ya kupambwa bi harusi Jalila, binti wa ami Mwinyihaji, wanawake walipokonywa simu mlangoni kama ilivyo ada. Kamera ikaruhusiwa, kwa kuwa haiwezi kumtumia mtu picha. Dada yetu Ummulkheir ndiye aliyepiga. Mama aliketi, akapigwa picha peke yake.

Asubuhi yake ami alinijia barazani, akaichukua kamera mezani.

"Mkanda huu atauosha nani? Mle mna wake zetu vichwa wazi. Ataosha mwanamume?"

Nikamjibu kwa adabu: "Ami yangu mpenzi, kwa heshima na taadhima, naomba nikueleze utaratibu ambao..."

"Yaani mwanamume!" Akafungua mgongo wa kamera, akauvuta mkanda wote juani, picha zote zikaungua.

Nilikuwa sijafika kwenye jina la Mercyline, mwanamke wa Port Reitz, ambaye Ummulkheir alikwishapatana naye auoshe mkanda nyumbani kwake. Nilipolitaja, ami aliutazama mkanda pale sakafuni.

"Si ungesema mapema, Mansur? Maneno yako marefu kama gari la moshi!"

Kisha akaagiza chai. Wallahi, akainywa yote.

Mama alipopata habari alisema neno moja tu: "Sikai tena." Nimembembeleza, Ummulkheir amelia mbele yake, ami mwenyewe amekuja kuomba radhi. Amekataa. Kwa hiyo ahadi niliyokupa naiondoa, kwa uchungu.

Ningependa walau nikuandikie alivyokaa siku ile, lakini ilikuwa shughuli ya wanawake, nami sikuwapo. Ummulkheir asema alivaa leso mpya, na kwamba alicheka. Zaidi ya hayo sijui, wala hakuna wa kutuonyesha.

Mama akusalimu sana, pia Ummulkheir na Jalila. Ami Mwinyihaji naye ametuma salamu. Nazifikisha kwa kuwa salamu ni amana, si kwa sababu nyingine.

Mola akuhifadhi ugenini, akawalainishe matajiri wako wakupe ruhusa, uje umtazame mama kwa macho yako mwenyewe kabla mimi na wewe hatujabaki kusimuliwa habari zake tu.

Ndimi kaka yako akupendaye kwa dhati,

Mansur